Karatasi ya Mvua Mbili

Minza mwanangu,

Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Wewe ni mwalimu, una kalamu nyekundu kwenye mkoba. Iache humo humo mpaka ufike mwisho, halafu usahihishe utakavyo.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuwaamkia majirani kabla hawajakuona una maringo. Hayo mama yako anakuimbia tangu asubuhi. Sasa hivi namsikia uani anakufundisha kufunga kuku miguu kana kwamba hujawahi kuona kuku. Mimi nimejifungia chumbani na daftari lako, nimewaambia naandika orodha ya vitu vya safari. Mama yako amesema, "Huyo? Hata soksi zake hajui ziko ngapi." Mwache aseme. Za kwangu ni tatu.

Naandika kwa sababu mdomo wangu haufai kwa kazi hii. Unaujua. Nikifungua kinywa watu wanaanza kucheka kabla sijasema, nami nikiona meno yao nasahau nilichotaka kusema, nawapa kichekesho. Hapa Kharumwa hata msibani wananiweka karibu na moto niwachangamshe wafiwa. Daftari halina meno.

Ni habari ya ile nyumba ya Kahama.

Jana tukila mchana ulitoa karatasi ya yule mfanyabiashara wa mchele, ukaisoma kwa sauti ya darasani: kwamba anakuuzia nyumba ya vyumba viwili, na kwa mwaka mzima kuta, paa na milango viko mikononi mwake, kikiharibika kitu, atatengeneza yeye kwa gharama yake. Mama yako akapiga kigelegele. Mimi nikauliza, "Umeipiga sakafu?" Ukasema, "Baba, sakafu imekosa nini mpaka ipigwe?" Mkacheka wote, hata Kabula wako mgongoni akacheka, naye hana jino.

Halafu ukasema neno lililonifanya niache tonge mezani. Ukasema, "Wewe mwenyewe ulimpa Baba Limi karatasi kama hii ulipomuuzia nyumba ya Geita. Mpaka leo anakusifu mbele za watu. Ndiye aliyeniambia nisikubali kununua bila karatasi."

Mlidhani nimetoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilikwenda kusimama nyuma ya zizi kama mtu aliyefumaniwa.

Ni kweli Baba Limi ananisifu. Huko Kahama, alikohamia baadaye na cherehani yake, kila anayekuja kushonewa suruali anasimuliwa juu ya fundi Luhende, mtu wa ahadi, mtu wa karatasi. Wewe unamjua kwa wema wake. Kesho utafikia kwake, na keshokutwa atakaa nawe kama shahidi wakati unatoa fedha. Mtu mwema kweli. Sasa soma nikuambie alichonunua kwangu.

Nyumba ile ya Geita niliijenga mwenyewe, kwa mkono huu, kwenye mtaa uliokuwa karibu na machimbo ya zamani. Wewe ulikuwa mdogo, umepelekwa Shinyanga kwa bibi yako ukasome. Mama yako alikuwa huko huko anamuuguza bibi. Mimi nimebaki peke yangu, fundi mwashi wa miaka hamsini, mwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, na akili ya mtoto.

Pale Geita, mwanangu, kila mtu aliamini dhahabu iko chini ya mwenzake. Kuchimba bila kibali ilikuwa kesi, kwa hiyo watu walichimba kwa macho tu. Jirani akichimba choo, mtaa mzima unakwenda kumpa pole ili wapate kuchungulia udongo. Basi siku moja nachimba shimo dogo la kuweka mtungi chumbani, nikaona jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu kama kutu. Nikalisaga, nikaliosha kwenye sufuria ya mboga. Likabaki vumbi la njano, dogo kuliko uchafu wa kucha. Nilikaa chini. Nilicheka peke yangu kama fisi.

Nikachimba ndani. Ndani ya chumba changu cha kulala, chini ya kitanda changu mwenyewe. Wachimbaji shimo la namna hiyo wanaliita duara, na langu lilikwenda chini kwa miezi minane, kisha likapinda kufuata ule mwamba kuelekea upande wa mashariki. Udongo nitaupeleka wapi watu wasiulize? Nilikuwa fundi. Nikaufyatulia tofali. Kila asubuhi majirani wananiona uani na kibao changu cha tofali, matope mpaka magotini, wanasema, "Luhende anajituma, mkewe akirudi atakuta jumba." Na kweli, kwa tofali hizo nikaongeza chumba cha pili upande wa mashariki, tofali mbichi, ukuta mnene, mrefu, mzuri. Umenielewa? Nilitoa udongo chini, nikaupandisha juu ya pale pale nilipoutoa. Hata mchwa hana ujinga huo.

Dhahabu? Niliyopata ilitosha kununua redio, na redio ikaibiwa.

Mama yako akaandika kwamba bibi amefariki, tuhamie Kharumwa kwa ndugu zake. Nikaamua kuuza. Nikalijaza lile duara. Fundi wa miaka yote hiyo, najua shimo hujazwa kwa mawe na udongo wa kushindiliwa kidogo kidogo. Lakini mawe yalikuwa mbali, na tayari nilikuwa na haraka. Nikatia mabua ya mtama, migomba, takataka za uani, udongo kidogo juu. Kile kipande kilichopinda chini ya ukuta sikukijaza hata kidogo, maana sikuweza kukifikia bila kuingia tena, na nilikwisha kuogopa kuingia. Juu nikashindilia sakafu, nikaisiriba kwa mavi ya ng'ombe ikawa laini kama kiganja. Kuta nikazipaka chokaa. Iling'aa, Minza. Iling'aa kama hiyo ya mtu wako wa mchele.

Ndipo akaja Masunga. Wakati huo hakuna aliyemwita Baba Limi bado, maana mkewe alikuwa mjamzito. Cherehani moja, mke mmoja, shati safi. Akazunguka nyumba akiwa na aibu ya kugusa kitu cha mtu mzima. Mkewe hakuwa na aibu. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mrefu, ulimi kama wembe. Akaniambia, "Baba, nyumba nzuri namna hii unaikimbia nini? Ina majini?"

Nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Majini yalikuwepo, mayu, yakashindwa kunivumilia."

Akacheka. Lakini bado anaangalia. Akainama kugusa sakafu. Nikaona huyu mwanamke ataniuliza neno la pili, na la tatu. Nikasema haraka, "Msiwe na wasiwasi. Mimi nawaandikia karatasi. Chochote kikiharibika kwa mvua mbili, ukuta, paa au mlango, nakuja kutengeneza mwenyewe, kwa mkono wangu na udongo wangu."

Hakuna aliyeniomba karatasi hiyo. Pale mtaani haikuwa desturi. Mtu akiuza ameuza. Niliitoa mimi ili mwanamke yule asimame wima. Na akasimama. Masunga macho yakajaa maji, akaninong'oneza, "Shikamoo, mzee wangu. Watu kama wewe wamebaki wachache." Tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikaandika, mjumbe akatia sahihi, naye akanisifu. Angalia nilichoandika: ukuta, paa, mlango. Nilivitaja vitatu kwa mpangilio mzuri, na hakuna aliyegundua kuwa nyumba ina kitu cha nne kilichobeba hivyo vitatu.

Mvua ya kwanza, ufa. Masunga akanitumia salamu kwa lori. Nikaja kutoka huku Kharumwa, nikauona: umeanzia chini, umepanda kona ya mashariki. Nikaujua mara moja kama mtu anavyojua kovu lake. Nikakanda udongo, nikaziba, nikapaka chokaa. Nikala kwao kuku. Limi alikwisha kuzaliwa, wakamweka mapajani mwangu.

Mvua ya pili, ufa ule ule, sasa unaingia kidole. Nikaja tena. Safari hiyo Masunga alikuwa sokoni, nikamkuta Mama Limi peke yake anatwanga. Akaacha mchi, akaniambia, "Fundi, njoo." Akanipeleka chumbani. Akaupiga mchi sakafuni karibu na mlango: du. Akasogea hatua tatu, akapiga tena: ngoo. Akaniangalia.

"Huku inaitika," akasema. "Chini kuna nini?"

Minza, nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Ni maneno matatu. Alikuwa amesimama mbele yangu, mtoto mgongoni, mchi mkononi, hana ugomvi, anataka kujua tu. Ningesema "duara," basi. Angenitukana, mumewe angedai fedha yake, mjumbe angeniita tapeli, labda ningelala rumande kwa kuchimba bila kibali. Wangehama siku ile ile.

Nikasema, "Kuna mama mkwe wangu, mayu. Nilimzika humo, ndiyo maana anaitikia kila kelele."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta ule ule. Nikaziba ufa wangu, nikapaka chokaa yangu, nikaondoka. Nilipofika barabarani bado alikuwa anacheka, anamsimulia jirani.

Ufa ukarudi kabla mvua haijaisha. Hili Masunga alinisimulia baadaye, bila kujua anachonisimulia. Mama Limi alimwambia, "Twende kwa kaka yangu mpaka mvua ipite. Ukuta huu siuamini." Naye Masunga akamjibu, "Tuhame nyumba yetu kwa ajili ya ufa? Tuna karatasi. Fundi anakuja, hajawahi kutuangusha." Akanitumia salamu. Salamu ikanikuta Jumatano kwenye pombe ya mavuno, nimekaa katikati, watu wanashika mbavu. Nikamwambia aliyeileta, "Mwambie nakuja Jumamosi." Nikaendelea na hadithi niliyokuwa nayo. Sikumbuki ilihusu nini.

Ukuta ulianguka Ijumaa mchana. Mvua ilikuwa kubwa, Mama Limi amekaa ndani kwenye mkeka anapukuchua karanga, mgongo ukutani kwa sababu upande ule haukuvuja. Sakafu ilikwenda kwanza. Halafu ukuta ukamfuata. Limi alikuwa kwa jirani. Ndiye huyo Limi unayemjua, anayemsaidia baba yake kutia vifungo. Mama yake hamkumbuki.

Nilifika Jumamosi kama nilivyoahidi. Nilikuta matanga.

Sasa ngoja nikuambie kitu kibaya kuliko kifo, kama kipo. Masunga alinipokea akiwa na karatasi mkononi. Nilidhani ananishtaki. Alikuwa analia, anasema, "Mzee, najua umekuja kutimiza, lakini pumzika kwanza, umetoka mbali." Ananihurumia mimi. Siku ya tatu nikaanza kuujenga ukuta. Nilipofukua msingi shimo likaonekana, limefunguka, mabua yangu ya mtama yameoza yako humo yananuka. Masunga akachungulia. Akauliza, "Hiki nini?"

Nikasema, "Maji. Maji ya mvua yamekula udongo."

Akaamini. Tukalijaza kwa mawe, safari hii sawasawa, tabaka kwa tabaka. Mawe alibeba yeye, kichwani, kutoka mtoni. Siku nne. Mjane wa kiume amebeba mawe ya kuziba duara langu, na kila akitua jiwe ananiambia ahsante. Ukuta nikausimamisha, haujatikisika mpaka leo. Nilitimiza karatasi yote, herufi kwa herufi: ukuta, kwa mkono wangu na udongo wangu. Mjumbe alikuja kuukagua akasema mtaa mzima uige mfano.

Basi hilo ndilo jina zuri la baba yako. Ndilo ulilolibeba Kahama, ukalitumia kupimia nyumba ya kulaza mtoto.

Utaniuliza, mwalimu: kwa hiyo karatasi haifai? Sijasema haifai. Mlango ukipinda, inafaa. Bati likivuja, inafaa, mshike mtu wako kwa karatasi mpaka apande juu mwenyewe. Vitu vinavyoharibika polepole na kutengenezeka, viandike vyote, hata komeo. Lakini kinachoanguka mara moja hakina fundi wa kuja Jumamosi. Na angalia karatasi inavyofanya kazi ndani ya kichwa cha mnunuzi. Mama Limi bila karatasi angehama. Macho yake yalikuwa yameona, mchi wake ulikuwa umesikia. Karatasi yangu ndiyo iliyomwambia kaa, subiri. Sikumuua kwa duara peke yake. Duara lilimtisha; karatasi ikamtuliza.

Na anayeiandika, mwangalie anaitoa lini. Huyu wako, ulisema mwenyewe, ulipouliza kwa nini chumba cha nyuma kimepakwa chokaa mpya na cha mbele bado kina moshi wa zamani, alicheka, akakuambia mtoto wa mwalimu atapenda cheupe, kisha akatoa karatasi. Inawezekana ni mtu safi kabisa na nyuma ya chokaa kuna ukuta tu. Mimi sijamwona. Lakini nilisikia unavyosimulia nikamwona mtu ninayemjua sana.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha: azima mchi kwa jirani wa nyumba hiyo, piga sakafu chumba kizima, si katikati tu. Kwangua chokaa kwenye kona mpaka udongo. Usiogope kuonekana huna adabu. Muulize chini kuna nini. Akikupa jibu zuri la kuchekesha, funga fedha yako kwenye kanga, ondoka. Ng'ombe wa mama yako tuliowauza kupata fedha hiyo si kitu, tutawapata wengine au hatutawapata. Kabula anatambaa. Anayetambaa anapenda kusimama kwa kushika ukuta.

Na hiki nilichokuandikia ni chako, si cha kumpelekea Baba Limi. Mchana nilifikiri hivyo, nikuombe umsomee, maana wewe unasoma vizuri na sauti yako haina mzaha. Nikafika mpaka kuliandika hilo ombi, ndiyo hapo juu unapoona nimekata kwa wino. Ningekuwa nimemtafuta tena mtu wa kunibebea mawe.

Jioni hii nimekwenda stendi nikakata tiketi yangu. Kiti changu kiko nyuma kabisa, wewe uko mbele na mtoto. Mama yako nitamwambia asubuhi kwamba nakusindikiza, atasema nataka tu kwenda kunywa Kahama. Njiani usije kukaa karibu nami wala usiniulize kitu, watu watasikiliza, nami mbele ya watu unanijua.

Tukishuka, nenda moja kwa moja kwenye hiyo nyumba ukaigonge. Mimi nitapita kwa Baba Limi, nimwambie haya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nitamkuta kwenye cherehani yake barazani, na Limi karibu yake. Sijui atanifanya nini, na sitaki unionee huruma kwa lolote atakalonifanya. Ninaloliogopa liko kabla ya hapo. Akiniona tu ataacha kazi yake, atasimama, atafuta mikono kwenye suruali, ataniambia "Shikamoo, mzee wangu." Kila mara nimeipokea. Safari hii nitajaribu nisiitikie.

Baba yako,
Luhende